Ilimu ya Falaki na Wapiga Falaki

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba mbingu na ardhi kwa haki, akalipitisha jua na mwezi kwa hisabu isiyokosea. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baada. Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, darsa ilipokwisha na watu wakaanza kutafuta viatu vyao, mzee mmoja wa mtaa wetu alibaki ameketi. Wenziwe walipotoka alisogea mbele akasema: "Maalim, nina jambo, na naona haya kulisema." Tukamwambia: "Sema, mzee wetu. Msikiti ni nyumba ya kuulizana."

Akasema: "Binti yangu amechumbiwa. Kijana namjua na babake namjua. Ni mtu wa sala, wala hali cha mtu. Nimeuliza kazini kwake, wamemsifu. Binti mwenyewe ameridhika. Tulikuwa tumekwisha kutaja mahari na mwezi wa arusi. Ndipo mama watoto akaenda kwa fundi kutazamia. Fundi akauliza majina yao na majina ya mama zao, akapiga falaki, akasema kuwa binti ni nyota ya maji na kijana ni nyota ya moto, na maji na moto havikai chombo kimoja. Wakioana, mmoja wao hatamaliza mwaka. Kisha akasema dawa iko, nayo ni kusafishwa nyota, kwa kuku wawili na fedha ambazo ni sawa na mshahara wangu wa mwezi mzima. Sasa binti analia, na upande wa pili wameudhika kwa kuwekwa. Mimi mambo haya siyaamini sana, Maalim. Lakini naogopa."

Neno hili, "siyaamini sana lakini naogopa," ndilo lililotutia hima ya kuandika. Kwani mzee huyu si peke yake. Wangapi katika miji yetu ya pwani husema vivyo hivyo kimoyomoyo! Mdomo wasema kuwa hakuna adhuru wala anufaishae ila Mungu, na mguu waenda kwa mpiga falaki. Basi jawabu tulilompa mzee yule usiku ule twalieleza hapa kwa urefu, huenda likamfaa mwengine aliye katika dhiki kama yake.

Ilimu mbili zenye jina moja

Kwanza ni wajibu tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya kwa sababu yote mawili huitwa falaki.

Falaki ya kwanza ni ilimu ya kujua mwendo wa jua, mwezi na nyota kwa kutazama na kwa kuhisabu. Hii ni ilimu ya heshima, na Waislamu waliitukuza kwa kuwa ibada zao zaihitaji. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura Yunus kuwa ameukadiria mwezi vituo vyake ili tujue idadi ya miaka na hisabu. Na katika Sura al-An'am ametukumbusha neema ya nyota tunazoongokea katika giza la bara na bahari. Kwa ilimu hii alisimama Ibn al-Shatir, aliyekufa mwaka 1375, katika Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, na kazi yake ilikuwa kuweka wakati wa sala. Kwa ilimu hii al-Biruni alipima ukubwa wa ardhi kwa kupanda mlima na kutazama upeo. Na kwa ilimu hii manahodha wa pwani hii walikwenda Arabuni na Bara Hindi wakarudi, hata Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 hakuivuka bahari ile ila kwa rubani aliyempata hapo.

Falaki ya pili ni kudai kwamba nyota zaonyesha riziki ya mtu, ndoa yake, maradhi yake na siku ya kufa kwake. Hii si ilimu, bali ni dhana iliyovishwa kanzu ya ilimu. Wala msidhani kuwa sisi ndio wa kwanza kuikataa. Ibn Sina, aliyekuwa tabibu na mjuzi wa nyota, aliandika risala nzima ya kuibatilisha. Na Ibn Qayyim, aliyekufa mwaka 1350, aliipinga kwa hoja nyingi katika kitabu chake Miftah Dar al-Sa'ada. Wanavyuoni hao walizijua nyota vizuri, na kwa sababu walizijua, hawakuziogopa.

Jua na jamaa zake

Basi na tutazame hizo nyota zinazotiwa katika mambo ya nyumba zetu ni kitu gani.

Jua letu ni nyota miongoni mwa nyota. Upana wake ni kama kilomita 1,392,000, yaani ardhi 109 zikipangwa safu moja ndipo zitakapolijaza kutoka ubavu huu hata ubavu huu. Liko mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 150, na nuru yake hutufikia baada ya dakika 8 na kitu. Uzito wote wa jua na vyote vilizungukavyo ukiwekwa katika mizani, zaidi ya sehemu 99 katika 100 ni za jua peke yake.

Jua hilo huzungukwa na sayari 8. Iliyo karibu nalo mno ni Utaridi, humaliza mzunguko wake kwa siku 88. Ya pili ni Zuhura, kwa siku 225. Nayo ndiyo ile tunayoiona iking'aa magharibi baada ya magharibi au mashariki kabla ya alfajiri. Ya tatu ni ardhi yetu. Ya nne ni Mirihi yenye rangi nyekundu, kwa siku 687. Kisha yaja Mushtari, iliyo kubwa kuliko zote, kwa miaka 12 hivi. Na Zuhali yenye pete, kwa miaka 29 na nusu. Hizi zote zaonekana kwa macho, na watu wa kale walizijua. Nyuma yake ziko mbili zisizojulikana zamani: Uranasi, iliyoonwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1781, huzunguka kwa miaka 84, na Neptuni, huzunguka kwa miaka 165.

Ili mtu apate kufahamu umbali huu, na achukue tikiti lenye upana wa sentimita 30, aliweke mbele ya mlango wa msikiti, aseme: hili ndilo jua. Ardhi itakuwa punje ndogo ya mtama iliyowekwa hatua za mita 32 kutoka hapo, na mwezi utakuwa chembe iliyo mbali na punje hiyo kwa sentimita 8 tu. Mushtari itakuwa kama ndimu ndogo, mita 168 kutoka mlangoni. Neptuni itakuwa kama punje kubwa ya kunde, karibu na kilomita moja. Na nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, je, tuiweke wapi? Tukiweka hilo tikiti letu Mombasa, nyota hiyo itakuwa mbali zaidi ya kilomita 8,000, mbali kuliko London. Na baina yake na sisi ni utupu mtupu.

Ardhi imeinama kidogo katika mzunguko wake, kadiri ya digrii 23 na sehemu 4 katika 10. Kwa mwinamo huo jua hupiga kaskazini zaidi miezi fulani na kusini zaidi miezi mingine. Bara kubwa la Asia likapata moto na kupoa kwa zamu, na pepo zikageuka. Kusi na kaskazi, zilizowaleta majahazi na kuwarudisha, zilizojenga miji yetu na kuchanganya damu zetu, asili yake ni mwinamo huo. Subhana Allah! Mwenye kutafuta alama za Mungu mbinguni hana haja ya kwenda kwa fundi. Na afungue dirisha, asikie upepo watoka wapi.

Hisabu ya wapiga falaki

Sasa na tuitazame hisabu yao wenyewe, ili tusiambiwe kuwa tumewahukumu bila ya kuwasikiliza.

Mpiga falaki huchukua jina la mtu na jina la mama yake, akahisabu harufi zake kwa abjadi. Jumla yake huitoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho buruji yake: 1 ni Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, na kuendelea hata 12 ambayo ni Hutu. Kisha hizo buruji wamezigawa kwa moto, udongo, upepo na maji.

Natwae mfano wa mtu aitwae Ali, mwana wa Fatima. Ali ni 'ain 70, lam 30, na ya 10: jumla 110. Fatima ni fa 80, alifu 1, ta 9, mim 40, kisha harufi ya mwisho. Harufi hii huandikwa kama ha na hutamkwa kama ta. Ukiihisabu kuwa ha, ni 5. Fatima atakuwa 135, na jumla ya wote wawili ni 245. Ukitoa kumi na mbili kumi na mbili hubaki 5, yaani Asadi, nyota ya moto. Lakini ukiihisabu kuwa ta, ni 400. Fatima atakuwa 530, na jumla ni 640. Ukitoa kumi na mbili kumi na mbili hubaki 4, yaani Saratani, nyota ya maji!

Enyi wenye akili! Mtu ni yule yule, mama ni yule yule, na usiku aliozaliwa ni ule ule. Fundi akiamua hivi ni moto, akiamua vile ni maji. Je, kwa nukta mbili za juu ya harufi avunjiwe mtu ndoa yake?

Tena tazama: katika hisabu hii fundi hakuinua kichwa chake kuangalia mbingu hata mara moja. Hajui usiku ule Mirihi iko wapi, wala Zuhali imechomoza au imetua. Ameziita nyota, na nyota hazimo.

Na hao wahisabuo kwa tarehe ya kuzaliwa, kama tuonavyo katika magazeti na katika simu za vijana wetu, nao hawana afadhali. Wao wasema kuwa aliyezaliwa baada ya tarehe 21 Machi ni wa Hamali, kwa sababu jua limo katika nyota za Hamali. Maneno haya yalikuwa na asili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini mhimili wa ardhi huyumba polepole kama pia ichezwayo na watoto, digrii moja kwa kila miaka 72 hivi, na kwa hivyo jua halikutani tena na nyota zile kwa tarehe zile. Leo tarehe 21 Machi jua liko mbele ya nyota za Hutu, wala halifiki kwenye nyota za Hamali ila baada ya tarehe 18 Aprili hivi. Zaidi ya hayo, njia ya jua yapita katika kundi la kumi na tatu, aitwae Mbeba-nyoka, tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Desemba; na huyo wapiga falaki hawamtaji kabisa.

Na hayo makundi yenyewe si jamaa moja. Katika Thauri mna Debarani, ile nyota nyekundu, na mna Kilimia, vile vinyota vilivyoshikana ambavyo wakulima wetu walivitazamia mvua. Kwa macho waziona ziko pamoja. Lakini nuru ya Debarani hutufikia kwa miaka kama 65, na nuru ya Kilimia kwa miaka kama 440. Nuru ya Kilimia uionayo usiku huu ilitoka huko kabla ya Wareno kuanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593. Basi nuru iliyoanza safari kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa, yajuaje kuwa wewe wataka kuoa Mfungo Mosi?

Masuala na majawabu

Huenda mtu akasema: "Mwezi wavuta bahari hata maji yakajaa na kupwa, na kila mvuvi ajua bamvua na maji mafu. Kama mwezi waivuta bahari, mbona nyota isimvute mtu?"

Jawabu: Ni kweli kuwa mwezi na jua huivuta bahari. Vikiwa katika mstari mmoja, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huwa ya bamvua. Vikiachana kwa pembe, huwa maji mafu. Lakini nguvu hii hupungua upesi sana kwa umbali. Zuhura, hata inapotukaribia mno kuliko sayari zote, uvutaji wake wa maji haufiki sehemu moja katika 10,000 ya uvutaji wa mwezi. Na nyota za buruji ziko mbali mara nyingi mno kuliko hiyo. Tena bahari haiulizi mtu jina la mama yake. Maji yakijaa Kilindini humjalia mwema na mwovu, na saa ya kujaa kwake hupigwa chapa katika jedwali kabla ya mwaka kuingia, kila mtu akaisoma. Hiyo ndiyo alama ya ilimu ya kweli: husemwa mbele, hadharani, ikathibiti au ikakosa mbele ya watu wote. Nani kati ya mafundi hawa amepata kutoa jedwali ya mwaka?

Huenda akasema mwengine: "Lakini fundi fulani alimtabiria jamaa yangu, na ikawa vivyo hivyo."

Jawabu: Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa neno moja la kweli la watabiri huchanganywa na uwongo mia. Na ada ya binaadamu ni kukumbuka lililosadifu na kusahau yaliyokosa. Fundi akiwaambia watu mia kuwa mwaka huu watapata msiba, hapana shaka baadhi yao watapata, kwani ni nyumba gani isiyofikwa na msiba? Wale waliofikwa watamsifu mjini, na wale waliosalimika watadhani kuwa ni kuku wale wawili ndio waliowaokoa. Katika biashara hii fundi hapati hasara kabisa.

Na atasema wa tatu: "Ilimu hizi za umbali na uzito ni za Wazungu, sisi zatuhusu nini?"

Jawabu: Nyota zenyewe zamjibu huyu. Aldebaran, Altair, Vega, Rigel: majina haya wayatumiayo wataalamu wa dunia nzima mpaka leo ni ya Kiarabu. Na kama ni kutaka jambo la nyumbani, basi tarehe 12 Desemba 1970, kutoka katika jukwaa la Waitalia lililo baharini Ngomeni, upande wa kaskazini wa Malindi, ilirushwa satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanywa kwa kazi hiyo tu, nayo ikaitwa kwa jina la Kiswahili: Uhuru. Dunia ilikuja kuzisoma nyota katika maji yetu, nasi twamlipa mtu atusafishie nyota kwa kuku! Ndugu zangu, hii si aibu?

Lakini twaonya na upande wa pili. Wako vijana ambao kila likivumbuliwa jambo husema kuwa lilikuwamo katika Kurani kwa idadi na kwa vipimo. Haifai kukibebesha Kitabu cha Mungu dhana zetu. Kurani haikuteremshwa itufundishe umbali wa Zuhali. Imeteremshwa ituongoze, na katika uongozi wake imetuamrisha tutazame na tutie akilini. Kazi ya kupima tumeachiwa sisi.

Siku ya kufa Ibrahim

Tumeiweka hoja hii mwisho kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote.

Katika mwaka wa 10 wa Hijra alikufa Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), naye angali mtoto mchanga. Siku hiyo hiyo jua lilipatwa. Wataalamu wa hisabu wameirudisha miaka nyuma wakapata kuwa jua lilipatwa Madina tarehe 27 Januari 632, nayo yaangukia mwisho wa Mfungo Mosi, kama ipasavyo. Kwani jua halipatwi ila mwezi unapokwisha, wakati mwezi uko baina yetu na jua, na mwezi haupatwi ila unapokuwa mpevu, wakati ardhi iko baina yake na jua. Wala haiwi kila mwezi, kwa sababu njia ya mwezi imeinama kadiri ya digrii 5 mbali na njia ya ardhi, na mara nyingi vivuli hupishana.

Watu wa Madina walipoona kiza kimeingia mchana walisema: jua limepatwa kwa kufa Ibrahim. Fikirini, ndugu zangu. Hapa pana baba aliyetoka kumzika mwanawe. Na hapa pana watu, kwa mapenzi, wasema kuwa mbingu nazo zimemlilia. Lau angalikuwa ni mtu wa kutaka kutukuzwa kwa uwongo, asingehitaji kusema neno. Angalinyamaza tu, na watu wangalizidi kumwamini. Lakini hakunyamaza. Alisimama akawasalisha sala ndefu ya kupatwa kwa jua, kisha akawaeleza kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Mkiona hayo, mwombeni Mungu na msali.

Basi ikiwa jua halikubadili mwendo wake kwa kufa mwana wa Mtume, itakuwaje nyota zibadili mwendo, au zishike vita baina ya moto na maji, kwa ajili ya arusi ya kijana na binti wa mtaani kwetu? Mwenye kusema hivi amewapa watu hawa daraja ambayo Mtume hakukubali apewe mwanawe.

Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfungo Sita mwaka 1447, mwezi ulipatwa wote juu ya Afrika Mashariki. Uliingia kivulini wote saa mbili na nusu ya usiku, ukakaa humo dakika 82. Saa hiyo ilijulikana miaka mingi mbele. Na hisabu hiyo hiyo yasema kuwa tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Mfungo Tano mwaka 1449, jua litapatwa lote mchana huko Makka, na sisi huku tutaiona sehemu yake. Mwenye uhai, inshallah, ataona. Na likitokea na asali, wala asimtazamie mtu kufa.

Na mwenye kutaka faida ya karibu zaidi, basi tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 za mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba sawasawa. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Wakati huo simamisha fimbo uwanjani: upande kilipo kivuli chake, kinyume chake ndiko kibla. Hii ndiyo falaki aliyotuneemesha Mungu. Haina kuku wala haina fedha.

La kufanya

Mwisho tulimwambia mzee wetu hivi: Umemchunguza kijana katika dini yake na tabia yake, na hayo ndiyo tuliyoamrishwa kuchunguza. Umemuuliza binti yako, naye ameridhika. Kama moyo umebaki na wasiwasi, sali rakaa mbili za istikhara, umtake Mungu shauri, kwani Yeye ndiye ajuaye na sisi hatujui. Siku ya kufa kwa hao wawili imo katika ilimu ya Mwenyezi Mungu, na katika mwisho wa Sura Luqman ametuambia kuwa hakuna nafsi ijuayo itakufa katika ardhi gani. Itafika wakioana, na itafika wasipooana. Na zile fedha za fundi mpe binti yako anunue vyombo.

Na mama watoto usimgombeze. Yeye alikwenda kwa kumwogopea mwanawe, na hofu ya mama si dhambi. Dhambi ni ya yule aliyeipa bei hofu hiyo. Kaa naye usiku mmoja barazani, umwonyeshe Zuhura ikitua na Kilimia kikichomoza, umwambie yote haya. Mkumbushe kuwa Mtume ametuonya kwamba amwendeaye mtabiri akamuuliza hazikubaliwi sala zake masiku arubaini. Na sisi wenye kusoma tujilaumu nafsi zetu, kwani mama zetu na dada zetu hatukuwawekea darsa, tukawaachia fundi awe ndiye mwalimu wao.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, hofu haitoki kwa siku moja." Tukamwambia: "Kweli. Lakini mtu haamrishwi asiogope. Huamrishwa amwogope nani." Akaondoka. Tulipotoka nje tulimwona amesimama uwanjani, amevaa kiatu kimoja na cha pili amekishika mkononi, anatazama juu.

Ewe Mola wetu, tufundishe yatufaayo, utunufaishe kwa uliyotufundisha, na uzitoe katika nyoyo zetu hofu za vitu ulivyovitiisha. Amin. Wabillahi tawfiq.